Kakao ya Kando ya Makaburi

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa jikoni kwangu hapa Same, mikono imejaa siagi, nikaipokea kwa kidole ambacho hakikuwa na mafuta. Hakunisubiri nimwamkie. Alisema, "Mti wa babu yako umezaa," kisha nikamsikia akipumua polepole.

Nikamuuliza kama umezaa sana.

"Umejaa kuanzia chini," akasema. "Wewe maliza kazi zako, lakini usikawie."

Mtu wa nje angedhani ni habari njema. Mti wenyewe ni mkakao, mmoja tu, uko nyumbani kwetu milimani Gonja, kwenye kibonde chenye migomba na unyevu, kando kabisa ya makaburi ya familia. Hukaa miaka na miaka bila kitu ila majani. Halafu mwaka mmoja unazaa, na kwetu husemwa kwamba unazaa nyumba inapotaka kutoa mtu. Ulizaa kwenye msiba wa babu. Ulizaa kwenye msiba wa baba mkubwa. Ulizaa mwaka tuliompoteza baba. Sasa mama alikuwa ananiambia umezaa tena, na katika nyumba ile alikuwa amebaki yeye peke yake.

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, hata wateja wangu wanajua. Mimi ni mwokaji wa keki za kipaimara, harusi na mahafali, na kazi hii imenifundisha kwamba kila kitu kina sababu. Keki ikididimia katikati, kuna mtu alifungua oveni mapema. Chokoleti ikiota utando mweupe, ni joto la Same na umeme uliokatika. Kwa hiyo nilimwambia mama aachane na mambo hayo, yeye ni mzee wa kanisa na mwanakwaya, ataonekanaje? Akanijibu kwa upole kwamba hakuna aliyetaja mizimu. "Mti unajua tu," akasema, akakata simu.

Mchana wake jirani yake, mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na letu, naye akanipigia. Alizunguka sana, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua, mwishowe akasema, "Mama yako hali." Tangu alipoyaona matunda, mama alikuwa anakunywa maji na uji mwepesi, basi. Walikuwa wamempeleka hospitali, wakampima kila kitu, wakaambiwa haumwi. Jirani alimpelekea makande, akayakuta kesho yake yamefunikwa vilevile kama alivyoyaacha. Nilizima oveni nikiwa na keki ya watu ndani.

Nilishuka kwa barabara ya Kisiwani, milima kulia, nyika ya Mkomazi kushoto, jua likichoma kama kawaida yake. Kuanzia Maore nilipanda bodaboda, na tulipofika kwenye migomba ya juu tukaingia kwenye ukungu. Ukungu wa kwetu huja hata saa nane za mchana, mweupe, unatembea chini kabisa kati ya mashina. Dereva alipunguza mwendo, akawasha taa. Alipojua ninakwenda nyumba gani hakuzungumza tena, na nilipomlipa alipokea pesa bila kuniangalia.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na sweta lake la kijani. Alikuwa amekonda usoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa kidogo. Hicho ndicho kilichonitia hofu. Mgonjwa analalamika, na mtu akilalamika unajua bado anataka kitu. Mama hakuwa analalamika.

Nikaenda kuuona mti kabla hata sijavua viatu.

Ambaye hajawahi kuuona mkakao ukiwa na matunda inabidi nimwelezee, maana si kama mti mwingine. Haubebi matunda kwenye ncha za matawi. Unayatoa kwenye gamba la shina, popote unapopenda, hata pale chini karibu na mizizi. Matunda yananing'inia kwa vikonyo vifupi, marefu, yana mifereji, mengine ya kijani, mengine yameshakuwa manjano, yamebanana shinani kuanzia usawa wa goti. Na pembeni yake kuna vijiua vidogo vyeupe vinavyochipua kwenye gamba kavu ambalo ungeapa limekufa. Nilisimama katika ukungu ule nikautazama. Hakukuwa na ndege hata mmoja juu yake, na kima wanaomaliza ndizi za watu walikuwa hawajagusa hata tunda moja. Nilijiambia kima wa kwetu hawajui kakao. Bado nilirudi ndani haraka kuliko nilivyokwenda.

Upande wa pili wa mti, upande wa makaburi, sikwenda. Tangu tumzike baba sikuwa na moyo wa kufika pale.

Babu, baba yake baba, ndiye aliyeuleta. Ujanani alikuwa kibarua kwenye bustani ya miti ya kigeni huko Usambara, mahali walipokuwa wakijaribu kila mmea wa dunia kuona kama utakubali. Alirudi na mbegu kwenye kopo, akaipanda moja ikashika, akafa kabla mti haujazaa na kabla hajamwambia mtu yeyote unaliwaje. Miezi kadhaa baada ya mazishi matunda yakatokea. Wanawake wa nyumba wakayapasua. Mbegu walizitafuna, zikawa chungu, wakazitema. Lakini waliliangalia lile tunda refu linaloning'inia, wakaona linafanana na tunda la mwegea, na kwetu tunda hilo lina kazi moja inayojulikana: linakatwa vipande, linatiwa kwenye maji ya muwa, linayageuza kuwa dengelua, pombe yetu ya miwa. Basi wakafanya vivyo hivyo. Walikata kakao na ule ute wake mweupe mtamu, wakaitia kwenye pombe ya kumaliza matanga ya yule aliyeipanda.

Na kwa kuwa mti haukuzaa ila miaka ya misiba, ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Nyumba nyingine walimaliza matanga kwa dengelua ya mwegea. Yetu ilikuwa na harufu yake yenyewe, na kila mtu wa mtaa ule aliijua.

Nilicheka sana zamani niliposimuliwa habari hiyo. Nimeacha kucheka. Kwa sababu ya kazi yangu nimesoma mengi kuhusu chokoleti, na nimegundua kwamba watu wa Meksiko na nchi za jirani, ambao waliuenzi mti huu muda mrefu sana kabla Ulaya haijausikia, waliutumia kwa njia mbili. Baadaye walijifunza kukaanga mbegu, kuzisaga juu ya jiwe, kuzikoroga na maji na pilipili, na kumimina kutoka chombo cha juu hadi cha chini mpaka povu lisimame. Hicho ndicho kinywaji kilichowafurahisha wafalme, kilichonywewa kwenye harusi, kilichotiwa sukari na Wahispania na kuzunguka dunia hadi kuwa kipande ninachokivunja kwenye keki ya mtoto wa watu. Lakini wanaochunguza mabaki ndani ya vyungu vya kale wanadhani mwanzo haukuwa mbegu. Huenda mwanzo ulikuwa ute, na watu wa kwanza waliutengenezea pombe. Na kakao hiyo waliwawekea pia wafu wao makaburini, katika vyombo vilivyochorwa vizuri.

Mwili ulinisisimka niliposoma hayo. Bibi zangu, ambao hawakuwahi kusikia jina la Meksiko, walipewa tunda bila maelezo, wakalipeleka moja kwa moja kwenye pombe na kwa marehemu. Nani aliwaelekeza?

Mama alinitazama nikivua viatu. "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Ni kakao mama, inatengenezewa chokoleti. Kyela watu wanajenga nyumba kwa kakao, mbona hawafi wote?"

"Kyela ni Kyela," akasema.

Nikamwekea wali na maharage. Alishika kijiko, akakizungusha kwenye sahani, akakiweka chini. Nilimsihi, nikamfokea, nikalia. Alinipa kitambaa chake nifute machozi, akaniomba nisiharibu chakula, nikampelekee jirani. Nilijua basi kwamba mama yangu ataondoka hivihivi, kwa adabu, bila kumsumbua mtu, nisipofanya kitu.

Kitu pekee ninachojua kufanya ni kupika. Niliamua kuyachuma yale matunda yote na kuyageuza kuwa chokoleti mbele ya macho yake, hatua kwa hatua, ili aone kwamba ndani yake hamna kifo, mna kinywaji. Nilichuma kwa kisu upande wa njia, nikivuta vikonyo kwa uangalifu ili nisijeruhi gamba. Yale ya upande wa makaburi niliyafikia kwa kuzungusha mkono bila kuangalia. Nilipasua maganda barazani, nikatoa mbegu zikiwa zimevikwa ute mweupe, baridi na laini, nikazijaza kwenye chungu kikubwa kilichotandikwa majani ya mgomba, nikazifunika kwa majani mengine na gunia. Kakao lazima ivundikwe siku kadhaa. Usipoivundika hutapata chokoleti hata ukikaanga mpaka kesho. Mbegu lazima ife kwanza, ndipo ladha izaliwe. Sikumwambia mama sentensi hiyo.

Jambo la kuvundika ni kwamba kakao inapata joto yenyewe. Huipi moto wowote. Unaifunika ikiwa baridi, na kesho yake ukiingiza mkono chini ya majani unakuta uvuguvugu, na siku inayofuata ni joto hasa. Ninajua sababu, ni vijidudu vinakula sukari. Lakini asubuhi moja nilitoka kuchota maji, na niliporudi nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda jikoni, mkono wake umo ndani ya chungu hadi kifundo. Nje ukungu ulikuwa umeziba mlango. Hakugeuka.

"Ina joto la mtu," akasema. "Baba yako alikuwa na joto hili hili, siku zake za mwisho."

Nikamwambia autoe mkono. Hakuutoa mara moja. Alikaa vile akitabasamu kidogo, na nilisimama na ndoo yangu nikaogopa chungu changu mwenyewe.

Siku hiyo harufu ilianza kutoka nje. Mwanzoni ni tamu, ya matunda, halafu inakuwa kali, pombe kabisa. Iliteremka na ukungu kupita kwenye migomba hadi kwa majirani, nami nilikuwa nimeshaizoea puani nisitambue imefika wapi. Nikaona watu wanakuja. Kwanza yule mama jirani, kajifunga kanga kiunoni, ana unga kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo. Nyuma yake wanawake wengine na wazee wawili wamevua kofia. Walikuja kimyakimya, wakasimama uani, na yule jirani akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana mwanangu," akasema. "Tumesikia harufu. Kumbe hata kengele ya kanisa hawajagonga? Amekwenda saa ngapi?"

Sikuelewa kwa muda. Kisha nikaelewa. Harufu ile kwao ilikuwa na maana moja tu tangu walipozaliwa.

Mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu. Mama akatokea na sweta lake la kijani, akawatazama wote, na unga wao, na vichwa vyao vilivyoinama.

"Bado," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alirudisha kofia kichwani, akaivua tena. Mama aliwakaribisha chai, wakasema wana kazi mashambani, wakaondoka mmoja mmoja, na unga wakauacha. Unga wa msiba haurudishwi nyumbani. Niliuweka kwenye kona ya jikoni, na kila nilipopita niliuona.

Nilitaka kuacha. Lakini mtu hawezi kuacha kakao katikati, itaoza bure. Nilizigeuza mbegu, nikangoja mpaka harufu ya pombe ikawa ya siki, kisha joto likashuka lenyewe. Nikazianika kwenye jamvi kila jua lilipotokea, na kuzikusanya kila ukungu ulipoingia. Kazi hiyo inachukua muda, na mama alizidi kukonda. Alikuwa anakubali uji nikimshikia kikombe, kwa sababu yangu, si kwa sababu yake. Mchana alikuwa anaketi kando ya jamvi akiwafukuza kuku. Alizoea kuzipindua mbegu kwa vidole. Nikaona tu kwamba mikono yake ilikuwa bado inapenda kazi.

Zilipokauka nilizikaanga kwenye chungu kipana juu ya moto wa kuni, nikikoroga bila kupumzika. Hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Mwenye kuijua harufu ya kakao inayokaangwa hahitaji maelezo, na asiyeijua namwonea huruma. Ni nzito, ya kahawia, inakaa ukutani, inaingia kwenye nguo na nywele. Pombe na siki vilifukuzwa vyote. Mama alisogea kutoka mlangoni hadi karibu na moto.

"Hii siijui," akasema.

"Hakuna anayeijua hapa. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikazimenya, nikapepeta maganda kwa ungo, na kwa kuwa mashine zangu ziko Same, nikachukua jiwe la kusagia la bibi lililokuwa linazuia mlango wa banda. Nililiosha, nikalipasha moto kidogo, nikasaga. Mbegu za kakao hazitoi unga. Zinatoa mafuta yake zenyewe, zinalainika, zinang'aa, zinakuwa rojo zito jeusi. Nilisaga mpaka mabega yakaniuma, na nikafikiria wanawake wa mbali kabisa, wa zamani sana, waliopiga magoti mbele ya jiwe la namna hii wakisaga kitu hikihiki. Kwa muda niliwahisi karibu, nyuma ya bega langu, wengi, wamenyamaza. Sikugeuka kuangalia.

Nilichemsha maji, nikatia rojo, sukari kiasi, na tangawizi mbichi ya kwetu badala ya pilipili yao. Kisha nikamimina kutoka kikombe hadi kikombe, kutoka juu, kama tunavyopooza chai ya mtoto, na povu likasimama. Kwa desturi ya nyumbani anayempa mtu kinywaji huonja kwanza yeye, ili mpokeaji ajue hakuna ubaya. Nikaonja. Ilikuwa chungu, tamu, kali kooni, na chini kabisa kulikuwa na uchachu mdogo wa yale matanga. Nimekula chokoleti za kila aina za maboksi ya dhahabu, na hakuna iliyowahi kunifanya nifumbe macho hivyo.

Mama alipokea kwa mikono miwili. Akanywa kidogo. Akanywa tena, na povu likabaki juu ya mdomo wake.

"Mama yangu weee," akasema taratibu. "Na sisi mbegu tulikuwa tunatema."

Akamaliza kikombe chote. Nilifurahi mpaka nikasahau adabu, nikaanza kumhubiria. Nikamwambia nimegundua na siri yenyewe. Niliwahi kwenda Kyela kununua kakao, nikaona wakulima wamelaza mashina ya migomba yaliyokatwa chini ya miti yao, nikauliza kwa nini. Wakaniambia vile viua vyeupe vinachavushwa na vidudu vidogo mno, na vidudu hivyo vinazaliana kwenye vitu vinavyooza, hasa shina la mgomba. Pasipo na uozo mti unachanua bure.

"Sasa fikiria mama," nikasema. "Sisi tunakata migomba mingi pale lini? Tukiwa na msiba. Tunafyeka pa kuchimba kaburi, mashina tunayatupa palepale chini ya mti. Yanaoza, vidudu vinakuja, miezi ikipita mti unazaa. Hauzai kwa sababu mtu atakufa. Unazaa kwa sababu ameshakufa! Sisi ndio tunakumbuka kinyume."

Alinisikiliza vizuri sana, kama anavyosikiliza mahubiri. Akaweka kikombe chini.

"Na mwaka huu," akauliza, "amekufa nani?"

Niliinuka.

Nikatoka nje. Nilikwenda hadi kwenye mti, na safari hii nikauzunguka, nikaenda upande ule niliokuwa nimeukwepa. Kaburi la baba lilikuwa pale, safi, limefagiwa. Kando yake, mahali ambapo nilikumbuka migomba minene, palikuwa peupe. Pamefyekwa kwa umbo la kitanda, visiki vimeng'olewa hadi mizizi, udongo umesawazishwa. Mashina yalikuwa yamerundikwa chini ya mkakao, yamelainika, meusi, na nilipoyagusa kwa kiatu vijidudu vidogo kuliko punje ya chumvi vikapaa kama moshi.

Nilirudi nikasimama mlangoni.

"Ni kibarua aliyekata," mama akasema kabla sijauliza. "Mwaka jana, kiangazi. Unakumbuka tulivyomzika baba yako? Mvua, mizizi ya migomba, vijana wanachimba maji yanajaa, jeneza limengoja kwenye matope mpaka watu wakachoka kuimba. Nikasema mimi sitawafanyia hivyo wanangu. Patayarishwe mapema, pakauke. Nilipoona mti umezaa, nikajua umekubali."

"Haukukubali kitu! Wewe ndiye uliyeuzalisha!"

"Ndivyo ulivyoniambia sasa hivi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona uso wake umekosa uhakika. "Kwa hiyo nilijiita mwenyewe."

Mti haukuwa umesema uongo hata mara moja, hilo ndilo lililonitisha. Ulikuwa umesoma kilichomo moyoni mwa mama kabla yangu mimi mwanawe, ukakitoa nje shinani kwa rangi ya manjano. Nilichukua jembe ukutani. Nilikwenda shambani, nikang'oa machipukizi ya migomba popote nilipoyaona, nikayaburuta hadi pale palipofyekwa, nikaanza kuchimba. Nilichimba kwa fujo nikilia kwa sauti, nikasimika migomba midogo kwenye kile kitanda chake cha udongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka pakajaa.

Niliposimama kunyoosha mgongo, mama alikuwa amefika. Alikuwa ametembea mwenyewe na fimbo kutoka nyumbani, mwendo ambao alikuwa hajautembea tangu nije, ameegemea mkakao na anahema. Alitazama kazi yangu kwa muda mrefu, kama mkulima anavyotazama shamba la mtu asiyejua kulima.

"Ndiyo upandaji gani huu?" akasema. "Mashimo hayana kina, na umeyabananisha. Huko mjini mnafundishwa nini?"

"Niache mama."

"Jikoni kuna unga wa watu, utaingia wadudu. Leo tusonge ugali, nina njaa." Akainua fimbo, akaonyesha mgomba wa ukingoni, ule uliokuwa karibu zaidi na kaburi la baba. "Lakini kwanza ule usogeze. Siku yenyewe wachimbaji watapita wapi?"

Nikauchimbua, nikausogeza, nikaukanyagia udongo.